Shingo ya Gitaa la Umeme Haitaki Haraka

Katika kambi za majeshi na za polisi za Afrika ya Mashariki, gitaa la umeme limekuwa mwenzi wa tarumbeta na ngoma kwa miaka mingi. Polisi Jazz ya Tanzania ni ushahidi wa jambo hilo. Lakini chombo huzeeka. Shingo ikipinda, au ikivunjika penye kichwa, gitaa zima hutupwa stoo, ijapokuwa mwili wake na sehemu zake za umeme bado ni nzima. Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu askari kwamba mwanafunzi mwenye subira aweza kuunda shingo mpya, ila lipo jambo moja lisilosamehe, nalo ni kipimo.

Gitaa lifaalo kwa mwanafunzi ni lile la namna ya Fender, ambalo shingo yake hufungwa mwilini kwa skrubu nne. Kampuni hiyo ilianza kuuza magitaa ya namna hiyo mwaka 1950. Fundi akiharibu kazi, hupoteza ubao mmoja tu.

Mbao tunazo. Mkangazi uliokauka vizuri, wenye mishipa iliyonyooka na usio na fundo, wafaa kwa shingo yenyewe. Ubao mwembamba wa juu, ambapo vidole hubonyeza nyuzi, waweza kuwa wa mpingo, unene wa milimita 6. Shingo huwa na upana wa milimita 42 hivi penye kichwa, na 56 pale inapoingia mwilini.

Kabla ya kushika msumeno, pima shingo ya zamani. Anza penye kizingiti, yaani kile kipande kidogo cha mfupa kinachobeba nyuzi karibu na kichwa, hadi freti ya 12. Kisha zidisha mara mbili. Hicho ndicho kipimo cha uzi, na katika magitaa mengi ya Fender ni milimita 648. Shingo mpya isipofuata kipimo cha ile ya zamani, gitaa halitapatana kamwe.

Mahali pa freti hupatikana kwa hesabu. Gawanya 648 kwa 17.817, upate 36.37: hapo ndipo freti ya kwanza. Toa jawabu hilo katika 648, ugawanye tena salio kwa namba ile ile, na kuendelea. Freti ya 5 huangukia milimita 162.55, ya 7 milimita 215.51, na ya 12 milimita 324, yaani katikati kabisa. Kila mstari upimwe kutoka kizingitini kwa rula ya chuma, wala si kutoka freti iliyotangulia, kwa maana makosa madogo hujumlishana. Askari anafahamu jambo hili: kosa la unywele penye kilengeo cha bunduki huwa kosa kubwa penye shabaha.

Mifuo ya freti ikatwe kabla ubao haujagandishwa, kwa msumeno mwembamba ukatao kiasi cha milimita 0.6. Ikiwa mipana, freti hulegea.

Tena, nyuzi sita zikikazwa huvuta kwa nguvu ipitayo kilo 45, karibu na uzito wa mfuko wa saruji, mchana na usiku. Kwa hiyo chini ya ubao wa vidole huchongwa mfereji wa kutilia fimbo ya chuma yenye nati, ikazwayo ili kuinyoosha shingo. Fimbo ya namna hiyo ilibuniwa na Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson, akapewa hati yake mwaka 1923. Magitaa ya kwanza kabisa ya Fender ya mwaka 1950 yalitoka bila ya fimbo. Baadhi ya shingo zikapinda, ndipo ikatiwa.

Gundi ikaukie ndani ya jiriwa siku nzima. Mgongo wa shingo uchongwe mwisho, kwa tupa kisha msasa, huku ukijaribiwa kiganjani mara kwa mara, kwani ubao ukishapungua haurudi.

Basi, ndugu askari, kabla ya kuugusa mkangazi, kata kwanza mifuo yote katika kipande cha ubao usio na thamani, uikague kwa rula. Mwenda pole hajikwai.