Taria Topan: Tajiri Aliyekopesha Misafara ya Bara

Askari husimuliwa habari za majemadari, za silaha na za mapambano. Ni mara chache kusimuliwa habari za mtu aliyelipia baruti. Hata hivyo, katika karne ya 19 hakuna msafara uliotoka pwani ukafika Ziwa Tanganyika kwa ushujaa peke yake. Nguo, shanga, nyaya za shaba na risasi zilizobebwa na wapagazi zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika daftari la mtu aliyekaa kitako dukani Unguja. Miongoni mwa watu wa namna hiyo, mmoja aliyejulikana sana ni Taria Topan, mhamiaji kutoka India, mfanyabiashara na mkopeshaji wa fedha. Leo tunawaletea ndugu askari wa jeshi na wa polisi habari zake, kwa kuwa zinatugusa sisi tunaoishi kando ya ziwa hili.

KIJANA KUTOKA KUTCH

Taria Topan alizaliwa mwaka 1823 katika nchi ya Kutch, magharibi ya India, katika jamii ya Makhoja Waismailia. Alivuka bahari kwa jahazi angali mtoto, akafika Unguja bila mali. Husimuliwa kwamba alianza kwa kazi za chini kabisa, na kwamba alijifunza kusoma na kuandika hesabu baada ya saa za kazi.

Wakati huo Unguja ilikuwa chini ya Sayyid Said bin Sultan. Ushuru wa forodha haukukusanywa na makarani wa serikali kama ilivyo leo. Ulikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mhindi mwingine wa Kutch, ambayo ilimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka. Kilichozidi kikawa faida yake. Kampuni hiyo ndiyo iliyompa Taria kazi. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, akaanzisha biashara yake, na mwaka 1876, katika utawala wa Sultani Barghash, forodha yenyewe ikawa mikononi mwake.

MALI KAULI

Ndugu msomaji atauliza: je, mtu aliwezaje kuwa benki mahali pasipokuwa na benki? Benki ya kwanza ya kigeni iliyodumu Unguja, yaani National Bank of India, ilifungua milango yake mwaka 1892, na Taria alikuwa amekwisha kufariki. Kabla ya hapo, benki zilikuwa ni maduka ya matajiri wachache.

Biashara hiyo iliitwa mali kauli, yaani mali inayotolewa kwa neno la mtu. Mwenye msafara alikwenda kwa tajiri akachukua bidhaa bila kutoa fedha. Akaahidi kwamba akirudi atalipa kwa pembe za ndovu, zilizopimwa kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16. Toka Bagamoyo mpaka Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na safari moja ya kwenda na kurudi iliweza kuchukua miaka. Wapagazi waliweza kutoroka, vita vikafunga njia, mwenye msafara akafa kwa homa. Kwa hiyo tajiri alipandisha bei ya bidhaa tangu mwanzo, ili hatari yote iwe imekwisha kuhesabiwa ndani yake.

Fedha taslimu ilikuwa ni dola ya Maria Theresa, sarafu nzito ya fedha, pamoja na rupia ya India. Kuzisafirisha kwa wingi kulikuwa na taabu. Matajiri wa Kihindi walitumia barua ya malipo iliyoitwa hundi: aliyeipeleka Bombay alilipwa huko fedha zilizowekwa Unguja. Neno hilo limebaki katika Kiswahili mpaka leo, na wengi wanaolitumia hawajui safari yake.

Bidhaa iliyotangulia zote ilikuwa nguo. Wamarekani kutoka mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu mwaka 1833. Nguo yao ya pamba isiyotiwa rangi ilienea bara lote kwa jina la merikani, ikapimwa kwa doti, na katika vijiji vingi ikawa ndiyo fedha yenyewe. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, pamba iliadimika na nguo hiyo ikapungua sokoni. Hivyo vita vya ng'ambo ya bahari mbili vilisikika hata njiani kuelekea Ujiji. Taria Topan alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara waliosimama katikati ya Wamarekani hao na bara.

PEMBE, BUNDUKI NA ZIWA LETU

Mkopaji wake mashuhuri alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip. Katika kitabu cha maisha yake, Tippu Tip mwenyewe amemtaja Taria kuwa ndiye aliyemwamini kwa mali. Alikaa bara zaidi ya miaka 10, akavuka mpaka mto Kongo, akarudi Unguja mwaka 1882 na shehena kubwa ya pembe. Mkopeshaji alikuwa ametulia pwani muda wote huo, akingoja.

Hapa ndipo inapotupasa kusema kweli yote. Misafara ile haikubeba pembe tu. Ilibeba bunduki, na nyuma yake walifuata mateka waliotiwa minyororo. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya nchi yake Unguja kuwaacha huru watumwa wao. Na mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Lakini mkopo ulioandikwa kwa wino safi dukani haukuuliza pembe zimepatikanaje. Mizani ya forodhani ilipima uzito wa pembe, haikupima machozi.

Moto huo ulifika hata kwetu. Katika miaka ya 1880, Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip aliyekaa Ujiji, alijaribu kuingia Burundi kwa kupitia pwani ya Uzige, ndiko ulipo mji wa Bujumbura. Watu wake walikuwa na bunduki zilizotoka baharini. Waliokabiliana nao walikuwa ni askari wa Mwami Mwezi Gisabo, wenye pinde na mikuki, waliojua kila bonde na kila kilima. Pwani ya ziwa iliumia, lakini milima haikutekwa. Mwaka 1894 Rumaliza alishindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo. Baadaye yeye na Tippu Tip walifikishana mahakamani kwa ajili ya mali ya ushirika wao. Mwisho wa vita ukawa ni hesabu.

ALICHOACHA

Taria Topan alipewa cheo cha heshima na Malkia Victoria wa Uingereza mwaka 1890, akaitwa Sir, akafariki Bombay mwaka 1891. Mwaka 1887 alikuwa amekwisha kuanzisha ujenzi wa jengo la hospitali ya hisani katika mji wa Unguja. Mjane wake aliukamilisha mwaka 1894. Jengo hilo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa lipo mpaka leo mbele ya bandari, na wageni hulipiga picha. Ni haki kuisifu hisani hiyo. Ni haki vilevile kukumbuka njia iliyoleta fedha zake.

Kwa askari, habari hizi zina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba bunduki haina miguu. Nyuma ya kila silaha inayoingia nchini yupo aliyeinunua, yupo aliyeisafirisha na yupo anayengoja faida. Polisi anayekamata mchukuzi njiani akaishia hapo, amekamata mpagazi tu. Daftari lingali linaandikwa mahali pengine.

Funzo la pili lamhusu askari nyumbani kwake. Anayekaa Gasenyi, akachukua mchele, mafuta na sabuni dukani, jina lake likaandikwa mpaka siku ya mshahara, naye amechukua mali kauli. Hakuna aibu katika jambo hilo. Aibu ni pale deni linapokua mpaka mwenye duka akajua zamu zake na kuanza kumwomba afumbe macho. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Tippu Tip aliongoza maelfu ya watu wenye silaha, lakini kulikuwa na mtu mmoja pwani, asiye na bunduki, ambaye ilimlazimu kurudi kwake. Askari anayelipa deni lake kwa wakati hulinda mshahara wake, na zaidi ya hapo hulinda uhuru wa kusema hapana.