350: Namba Waliyoahidiwa Wawindaji wa Wisconsin

Jumatatu ya tarehe 22 Februari 2021, msimu wa kuwinda mbwa mwitu ulifunguliwa katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Theluji ilikuwa imetanda, nyayo zinasomeka vizuri, na wawindaji wengi walikuwa na mbwa wa msako. Mgao wa wenye vibali vya jimbo ulikuwa mbwa mwitu 119. Msimu ulipofungwa Jumatano, waliouawa walikuwa 218. Hazikutimia hata siku tatu. Sheria ya jimbo inataka wawindaji wapewe taarifa saa 24 kabla ya msimu kufungwa, na katika saa hizo bunduki ziliendelea kulia.

Mbwa mwitu ninaowazungumzia ni wale wa nchi za baridi, wakubwa, wa rangi ya kijivu, kilo 30 hadi 40 na zaidi. Hawa wa kwetu wenye mabaka ni wanyama wengine.

Walioitazama habari ile kutoka mbali waliona uchu wa damu. Mimi naona ni matokeo ya mpango ulioandikwa vizuri ofisini, ukawekwa namba moja ndani yake, kisha namba hiyo ikaachwa itembee vijijini peke yake.

Kuanzia mwaka 1865 Wisconsin ilimlipa fedha mtu yeyote aliyethibitisha kwamba ameua mbwa mwitu. Malipo hayo yalifutwa mwaka 1957, wakati wanyama wenyewe walikuwa wamebaki wa kuhesabika kwa vidole, na kufikia 1960 ilikubalika kwamba wamekwisha. Waliporudi, hakuna aliyewabeba. Kule Yellowstone serikali iliwaleta kwa magari na ndege kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996. Hapa walivuka wenyewe kwa miguu kutoka jimbo jirani la Minnesota, katikati ya miaka ya 1970, mara tu Sheria ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka ya 1973 ilipoanza kuwakinga. Mwaka 1980 walihesabiwa 25. Ugonjwa wa mbwa uitwao parvo uliwapunguza hadi wakakaribia kwisha tena, kisha wakaanza kuongezeka.

Mpango wa kwanza wa jimbo, wa mwaka 1989, ulilenga mbwa mwitu 80. Ule wa 1999 ulitaja 350, nje ya ardhi za jamii za wenyeji asilia. Kwa walioandika, 350 ilikuwa hatua ambayo ikishafikiwa, jimbo lingeweza kuanza kuwapunguza, ikiwemo kwa uwindaji wa umma. Kijijini ilisomwa kwa urahisi zaidi: watafika 350, watazuiliwa hapo. Ahadi ni deni, na hili lilianza kudaiwa mwaka 2004, hesabu ilipovuka 350 na kuendelea kupanda.

Lakini mwenye kauli ya mwisho juu ya mbwa mwitu hakuwa jimbo. Ilikuwa serikali ya shirikisho, na juu yake mahakama. Januari 2012 ulinzi wa shirikisho uliondolewa, na Aprili mwaka huohuo bunge la jimbo likapitisha sheria iliyolazimisha kuwepo kwa msimu wa uwindaji kila ulinzi huo unapokuwa umeondolewa. Misimu mitatu ilifuata: waliuawa 117, kisha 257, kisha 154. Hesabu ya majira ya baridi ilishuka kutoka zaidi ya 800 hadi kama 660. Desemba 2014 jaji mmoja mjini Washington akarudisha ulinzi, na mbwa mwitu wakaongezeka hadi wakapita 1,000. Januari 2021 ulinzi ukaondolewa tena. Idara ya Maliasili ya jimbo ilitaka kusubiri hadi Novemba ili ijipange. Kundi la wawindaji lenye makao Kansas likaenda mahakamani, na jaji wa kaunti akaamuru msimu ufunguliwe mara moja. Ndipo ikaja ile Februari. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Februari 2022, jaji wa shirikisho huko California akaufunga mlango upya.

Mahakama za shirikisho zilibishania namna sheria inavyoruhusu spishi igawanywe kimaeneo, na kama inaweza kuhesabiwa imepona wakati sehemu kubwa ya makazi yake ya zamani iko tupu. Ni maswali halali. Hakuna hata moja linalomhusu mtu aliyekaa mtini siku nne kaskazini mwa Wisconsin bila kuona kulungu, mnyama ambaye mbwa mwitu naye humwinda. Na mwindaji anayejua kwamba ruhusa aliyopewa leo itafutwa na mtu asiyemjua, mahali asipopajua, hana sababu ya kubakiza. Kwa hiyo sishangazwi na zile siku tatu, ingawa zilinisikitisha.

Nadhani wawindaji hawa wa kulungu wamesikilizwa vibaya na pande zote mbili: wanaowabeza, na wanaotafuta kura zao. Msimu wa bunduki wa kulungu wa mkia mweupe ni siku tisa tu, kuanzia Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba. Ukoo hukutana kwenye kibanda msituni, babu, wajomba, wajukuu, jiko la kuni likiwaka usiku kucha, na alfajiri kila mtu anavaa ile rangi kali ya chungwa au ya waridi inayotakiwa na sheria, anaelekea kwenye kibao chake mtini. Kwa familia nyingi nyama hiyo ndiyo kitoweo cha majira ya baridi. Mwaka 2000 vibali vya bunduki vilikaribia 700,000. Siku hizi ni kama 550,000. Vijana wakikaa mtini miaka miwili bila kuona mnyama, wa tatu hawaji.

Kuna badiliko moja ambalo wataalamu huligusia kidogo mno. Hadi mwaka 2014, kila kulungu aliyepigwa ilibidi apelekwe kituo cha usajili, ambacho mara nyingi kilikuwa duka, kituo cha mafuta au baa ya kijiji. Wanyama walilazwa nyuma ya pikapu, lebo ya chuma ikafungwa, watu wakizunguka, wakipima pembe, wakiulizana amepigwa wapi. Jioni kijiji kizima kilijua mwaka huu ukoje. Tangu 2015 unasajili kwa simu au kwa intaneti ukiwa jikoni kwako. Takwimu zinafika haraka zaidi makao makuu, lakini zimeacha kuwa kitu ambacho watu walikihesabu pamoja. Tangu hapo Idara ikisema kulungu wapo, anayeisikia analinganisha na kile alichokiona yeye peke yake.

Mwaka 2022 katika siku zile tisa walisajiliwa kulungu kama 203,000. Mwaka 2023 wakawa kama 174,000, na pigo lilikuwa zito zaidi kwenye misitu ya kaskazini. Kaskazini huko ndiko waliko mbwa mwitu wengi, na hitimisho likajiandika lenyewe.

Lakini majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023 yalikuwa makali kaskazini. Idara hupima ukali huo kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata nyumbani: kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 30, kila siku ambayo theluji ina kina cha sentimita 46 au zaidi inapewa pointi moja, na kila siku ambayo baridi imefika nyuzi 18 chini ya sifuri inapewa pointi nyingine. Pointi zikiwa nyingi, kulungu hujikusanya kwenye vinamasi chini ya mierezi, wakila vijiti hadi viishe. Mbaya zaidi ni theluji iliyoyeyuka kidogo mchana na kuganda usiku. Inafanya ukoko juu. Kwato nyembamba za kulungu zinauvunja na mnyama anazama hadi kifuani, huku mbwa mwitu mwenye vidole vipana akipita juu yake. Hapo njaa, baridi na meno vinafanya kazi moja. Ukimkuta kulungu ameliwa mwezi Machi, huwezi kusema kwa uhakika kama angeifikia Mei.

Na hesabu je? Mbwa mwitu mmoja wa Wisconsin hukadiriwa kula kulungu wapatao 20 kwa mwaka. Wakiwa 1,000, ni kulungu kama 20,000, katika jimbo ambalo wawindaji wenyewe huvuna takriban 300,000 katika misimu yote, na ambalo kulungu wake ni zaidi ya milioni moja na nusu. Namba hizi hutolewa kila mwaka kumtuliza mwindaji, na kila mwaka hazimtulizi. Nadhani yeye ndiye mwenye haki hapa. Kulungu wengi wa jimbo wako kusini na katikati, kwenye mashamba ya mahindi, ambako mbwa mwitu ni wachache na malalamiko ni kwamba kulungu wamezidi, tena wana ugonjwa wa kudhoofika uliogunduliwa huko mwaka 2002. Kaskazini, kundi la mbwa mwitu wanne hivi huzunguka eneo la kilomita za mraba kama 150. Hao wanne peke yao ni kulungu 80 kwa mwaka, katika msitu uleule wenye vibanda kadhaa vya ukoo. Wastani wa jimbo haukai mtini na mwindaji.

Ambacho yeye naye hakisemi sana ni msitu wenyewe. Babu yake aliwinda katika nchi iliyokuwa imefyekwa na kampuni za mbao mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Miti michanga ilichipua kila mahali, chakula kikiwa kwenye usawa wa mdomo wa kulungu, na hakukuwa na mbwa mwitu. Wingi wa wakati ule, ambao simulizi za kibandani huuchukulia kuwa hali ya kawaida, ulikuwa zao la miongo michache isiyo ya kawaida. Sasa miti imekua, kivuli kimefunga, chakula kiko juu. Dubu weusi nao wamepita 20,000, na mwezi Juni hula watoto wa kulungu ambao hata kusimama imara bado hawawezi. Dubu hana mpango wenye namba ya kugombaniwa mahakamani, kwa hiyo hakuna anayemtaja.

Faida na hasara za mbwa mwitu haziangukii watu walewale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba katika kaunti za Wisconsin walikorudi mbwa mwitu, ajali za magari kugonga kulungu zilipungua kwa asilimia 24. Hiyo ni nafuu kubwa, ila inamwendea dereva na kampuni ya bima. Mfugaji anayepoteza ndama analipwa, na mwenye mbwa wa msako aliyeraruliwa hupata kifuta jasho cha hadi dola 2,500. Kwa kulungu ambaye hakutokea hakuna malipo, kwa sababu hakuwa mali ya mtu. Na ng'ambo ya mpaka, Minnesota, ambako sheria inamweka mbwa mwitu katika daraja la chini kidogo la hatari, maofisa wa serikali wanaruhusiwa kuwaua wanaoshambulia mifugo. Mfugaji wa Wisconsin anaambiwa asubiri. Mpaka huo haujulikani kwa mbwa mwitu.

Waojibwe, wenyeji asilia wa eneo hili, nao ni wawindaji wa kulungu, katika misitu hiyohiyo, kwa haki walizobaki nazo katika mikataba ya 1837 na 1842. Katika mgao wa 2021 uliokuwa 200 kwa jumla, wao walitengewa 81, na waliuacha wazi kwa makusudi. Kwao mbwa mwitu, Ma'iingan, ni ndugu wa mtu wa kwanza, na kitakachompata mmoja kitampata mwingine. Wale 218 waliouawa na wenye vibali vya jimbo walivuka hata jumla ya pande zote mbili. Septemba mwaka huo jamii sita za Waojibwe ziliishtaki serikali ya jimbo. Jambo hili lingepaswa kuwafikirisha wanaosema kwamba mtu anayeishi na mbwa mwitu na kutegemea kulungu hana namna ila kumchukia mbwa mwitu.

Oktoba 2023 bodi ya maliasili ya jimbo ilipitisha mpango mpya. Namba 350 haimo. Wala hakuna namba nyingine iliyowekwa mahali pake. Mpango unatarajia idadi izunguke kati ya 800 na 1,200, na kila kanda itazamwe kivyake. Bunge la jimbo likapitisha muswada wa kuilazimisha Idara itaje namba, na mwaka 2024 Gavana Tony Evers akaukataa.

Kisayansi, nakubaliana na kuondolewa kwa namba. Idadi moja kwa jimbo zima haikueleza chochote kuhusu kundi fulani kwenye kinamasi fulani. Lakini 350 ilipofutwa, aliyeahidiwa alipaswa kuambiwa waziwazi kwa nini ahadi ile haikuwezekana: kwamba waliompa hawakuwa na mamlaka ya kuitimiza. Hilo sijaona likisemwa kwa lugha nyepesi. Kwa hiyo kaskazini inaaminika kwamba namba ilifichwa ili wasidai.

Mamlaka ambayo jimbo linayo kweli yapo kwingine. Baada ya ripoti ya mtaalamu wa kulungu James Kroll ya mwaka 2012, kila kaunti iliundiwa baraza la kulungu, lenye wawindaji, wakulima, watu wa misitu na wengine. Baraza hukutana hadharani na kupendekeza ni majike wangapi wavunwe. Baada ya baridi kali linaweza kusema mwaka huu ni madume tu. Mezani hapo ndipo ningependa ziletwe kwa pamoja ramani ya makundi ya mbwa mwitu ya kaunti hiyo, pointi za baridi, makadirio ya dubu na orodha ya sehemu za msitu zitakazokatwa ili zichipue upya. Wapo wakazi wanaojitolea kila majira ya baridi kufuata nyayo kwenye barabara za msituni kwa ajili ya Idara. Waitwe wao wasimulie walichokiona, mbele ya majirani zao, kabla ya namba yoyote kutoka makao makuu kusomwa.