Masisi na Walikale: Nyanya mwalimu aliyezeeka mbele ya ubao akisubiri pensheni

Mwalimu mwanamke mwenye umri mkubwa akifariki katika kijiji cha Masisi au Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, matanga hayawi ya ukoo peke yake. Wajukuu wanakaa karibu na jeneza, lakini uani wanafika watu wasio na undugu naye: muuguzi wa kituo cha afya, mwendesha pikipiki, mama muuza mafuta sokoni, mchungaji wa kanisa. Wote walianzia kwake darasa la kwanza la shule ya msingi. Wajukuu wanamuita koko. Hao wengine, hata wenye mvi, bado wanamuita Madamu.

Kizazi hicho cha akina mama walimu kinaondoka sasa mmoja mmoja. Walishika chaki miaka ya 1970 na 1980, wakati wasichana wachache tu wa vijijini walifika masomo ya sekondari. Serikali ya Mobutu ilikuwa imetaifisha shule mwaka 1974, kisha ikarudisha usimamizi wake kwa makanisa kwa mkataba wa mwaka 1977. Ndiyo sababu wengi wao walifundisha katika shule za Wakatoliki au za Waprotestanti, huku mwajiri wao akiwa Serikali.

Daftari moja, majina ya pande zote

Masisi, mtoto anaweza kutoka nyumba inayosema Kihunde, Kinyarwanda au Kitembo. Walikale ni Kinyanga, Kikano au Kikumu. Darasani, miaka ya kwanza hufundishwa kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa kuchukua nafasi. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyewapa watoto hao lugha ya kusemezana. Kila asubuhi aliita majina yote kutoka daftari moja, na watoto waliitika wakiwa wamebanana kwenye benchi moja.

Mwezi wa tatu mwaka 1993, mapigano ya kikabila yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Vijiji vilichomwa na maelfu ya watu wakakimbia. Kisha zikafuata vita vya 1996 na 1998, na baada ya hapo makundi ya silaha yasiyohesabika. Mwalimu aliyekuwa kazini miaka hiyo aliona majina ya daftari lake yakigawanyika: huyu amekimbilia Goma, huyu yuko porini na bunduki, huyu amezikwa. Utulivu uliporudi kidogo, alikusanya waliobaki, wakati mwingine chini ya turubai au ndani ya kanisa, akaanza tena na herufi a, e, i, o, u.

Mshahara wa maharagwe

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa Serikali ulikosa thamani, na miezi mingine haukufika kabisa. Shule zilibaki wazi kwa sababu wazazi walikubali kuchanga ile inayoitwa prime. Asiyekuwa na pesa alileta maharagwe au viazi Masisi, mafuta ya ngazi au ndizi Walikale. Saa za mchana, baada ya masomo, Madamu alienda shambani kama jirani zake. Uchimbaji wa kasiterite ulipoanza Bisie, Walikale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wengi waliacha shule wakafuata mgodi. Yeye alibaki na wadogo.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Utekelezaji ulianza mwezi wa tisa mwaka 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi. Wazazi walipumua, na madarasa yakajaa. Lakini walimu ambao hawakuwa kwenye orodha ya malipo ya Serikali, wale wanaoitwa N.U., walipoteza mchango wa wazazi bila kupata mshahara badala yake.

Kustaafu ni njaa

Sheria ya mwaka 2016 kuhusu watumishi wa Serikali imeweka umri wa kustaafu kuwa miaka 65. Hata hivyo, wanafunzi wa Masisi na Walikale wamezoea kufundishwa na wazee waliovuka umri huo. Sababu inajulikana: anayeondoka kabla ya kulipwa haki zake za mwisho wa kazi anapoteza mshahara bila kujua pensheni itakuja lini. Hivyo nyanya anaendelea kupanda mlima kwenda shule na fimbo mkononi, na wengine wanafariki wakiwa bado kwenye ratiba ya masomo.

Vita vya sasa vimeongeza uzito. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi-centre, kisha Goma. Mwezi wa tatu waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Benki za Goma zilifunga milango, na walimu waliokuwa wakilipwa kupitia benki hizo wakakwama. Shule nyingi zilisimamisha masomo, na nyingine zikawa malazi ya wakimbizi.

Mfuko wa karatasi

Katika kukimbia, familia ya mwalimu hubeba godoro, sufuria na watoto. Lakini kuna kitu kingine ambacho haipaswi kukiacha: mfuko wenye barua ya kuajiriwa, diploma na namba ya matrikule ya SECOPE, idara ya mishahara ya walimu ambayo sasa inaitwa DINACOPE. Mfuko huo ukiungua pamoja na nyumba, warithi wanabaki na kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba mama yao alifundisha miaka 40 na kwamba Serikali bado ina deni kwake.

Mbele ya ofisi, wanafunzi wake wote hawawezi kuchukua nafasi ya karatasi hiyo. Kwenye matanga ndipo ushahidi wao unasikika, pale mmoja wao anapoombwa asimame asome historia ya marehemu, naye anasoma kwa sauti, bila kukwama, herufi zilezile alizofundishwa na Madamu.