WAP-7: Breki Inayorudisha Umeme

Kwa miaka mingi treni za haraka za India, kama Rajdhani na Shatabdi, zilivutwa na kichwa cha umeme huku zikibeba jenereta za dizeli. Juu ya paa ulipita waya wa volti 25,000, lakini taa, feni na viyoyozi vya abiria vilitegemea mabehewa mawili ya jenereta, moja kila mwisho wa treni, yakinguruma na kutoa moshi hata stesheni. Umeme ulikuwa palepale, ila haukuwa na njia nzuri ya kuwafikia waliokaa ndani. Njia hiyo imepatikana, na pamoja nayo breki ambayo kwangu mimi ndiyo fizikia tamu kuliko zote zinazopita relini.

Treni ya kwanza ya umeme nchini India ilianza kazi Bombay tarehe 3 Februari 1925, kutoka Victoria Terminus hadi Kurla. Ilitumia volti 1,500 za mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Kwa treni nzito za masafa marefu, volti hizo ni chache mno. Kichwa chenye nguvu ya kilowati 4,500 kingevuta ampea 3,000 kwenye waya huo. Kwa volti 25,000 kinatosheka na ampea 180. Na kwa kuwa joto linalopotea kwenye waya hukua kwa mraba wa ampea, waya uleule hupoteza umeme kidogo zaidi kwa takriban mara 278. Ndiyo maana mwaka 1957 India ilichagua volti 25,000 za mkondo geu, ikijifunza kwa reli za Ufaransa.

Mota ndizo zilizochelewa. Za zamani zilipitisha umeme kwenye brashi za kaboni, ambazo husagika na kudai mafundi kila mara. Mota isiyo na brashi ilikuwa inajulikana tangu 1888, ilipoelezwa na Galileo Ferraris na Nikola Tesla. Koili zake za nje hupewa umeme kwa zamu tatu, hivyo usumaku wake huzunguka ingawa koili zenyewe zimetulia. Usumaku huo unapozipita fito za metali zilizo kwenye mhimili wa ndani, huzaa umeme ndani ya fito hizo, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na mhimili hukokotwa uzunguke. Daima mhimili huwa nyuma kidogo ya usumaku. Ukiufikia, mvuto unakwisha.

Shida ni kwamba mwendo wa mota hiyo hufuata mapigo ya umeme, na waya wa reli hutoa mapigo 50 tu kwa sekunde. Ilibidi kungoja swichi za silikoni zenye uwezo wa kubeba umeme mkubwa na kuukatakata upya kwa mapigo anayoyataka dereva. India ilipata teknolojia hiyo kwa kampuni ya ABB ya Ulaya miaka ya 1990, na mwaka 2000 kiwanda cha Chittaranjan, West Bengal, kikatoa kichwa cha umeme cha WAP-7: tani 123, mota sita, nguvu za farasi zipatazo 6,000.

Sasa angalia breki. Dereva anapotaka kupunguza mwendo, swichi zinaupunguza mzunguko wa usumaku mpaka uwe nyuma ya mhimili. Papo hapo mota inageuka jenereta. Magurudumu yanasukumwa na mwendo wa treni, umeme unapanda kwenye waya, na treni nyingine iliyo jirani inautumia. Treni ya tani 1,300 inayokwenda kilomita 130 kwa saa imebeba nishati ya uniti 235 hivi, sawa na umeme wa miezi mitatu wa mteja wa Tanzania anayetumia uniti 75 kwa mwezi. Haurudi wote, kwani breki za hewa bado zina kazi. Zamani lakini karibu wote uliishia kuwa joto.

Transfoma na swichi za kichwa hicho ndizo sasa zinazowapelekea abiria umeme wa volti 750 moja kwa moja. Jenereta moja hubaki kwa dharura. Nafasi ya nyingine huwekwa behewa lenye viti vya abiria. Makaa ya mawe bado ndiyo yanayozalisha sehemu kubwa ya umeme wa India, na hilo halifichiki. Hata hivyo, mtambo wa umeme unaweza kubadilishwa bila kugusa kichwa cha treni hata kimoja.

Tangu 2024, treni za reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania kati ya Dar es Salaam na Dodoma nazo hutembea chini ya waya wa volti 25,000, mapigo 50 kwa sekunde. Walimu wa fizikia, wapelekeni wanafunzi stesheni wakauone.