Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza wa kike kumaliza chuo kikuu
Wakati wa ukoloni wa Wabeljiji, wavulana wa Kongo walifundishwa Kifaransa ili wawe makarani. Wasichana wengi waliishia kwenye kushona, kupika na kulea. Ndoa ndiyo ilikuwa diploma yao.

Sophie Kanza, mzaliwa wa Léopoldville mwaka 1940, hakukomea hapo. Alimaliza sekondari mwaka 1961, nchi ikiwa tayari huru, kisha mwaka 1964 akapata diploma ya sosholojia kwenye chuo kikuu cha Lovanium. Miaka miwili baadaye aliteuliwa waziri wa mambo ya jamii, mwanamke wa kwanza serikalini.

Hata hivyo, sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimdai mke, hata awe na diploma kama yake, ruhusa ya mume kabla ya kusaini mkataba wa kazi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu.