Kituo cha Ujasiriamali si Benki

Huku Shinyanga na Geita wapo wazazi wanaouza ng'ombe wakidhani mtoto akisomea ujasiriamali chuo kikuu atapewa mtaji. Sivyo. Kituo kama kile cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam humfundisha mwanafunzi kupima soko, kupanga biashara na kutunza hesabu. Fedha za chuo na za wafadhili ni za walimu na vifaa. Wafadhili wakiondoka, kituo huyumba.

Mtaji utafutwe halmashauri. Tangu 2018 sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani wakopeshwe wanawake, vijana na wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Vijana huomba kwa kikundi, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Hapo hutakiwa andiko la mradi, na aliyesoma ndiye atakayewaandikia wenzake.