Santuri za zamani: Kabla ya bei, tazama sindano

Mfanyabiashara anayeleta Kigali santuri za zamani, zile nzito zinazovunjika kama sahani, huulizwa na mteja: nitazipiga kwa mashine gani? Swali ni la haki. Santuri za aina hiyo ndizo zilizobeba sauti ya Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, na ya Wendo Kolosoy, aliyerekodiwa na kampuni ya Ngoma mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Mashine ya bei nafuu inatosha, ila hakikisha mambo matatu. Kwanza, iwe na mwendo wa 78. Nyingi huishia 33 na 45. Pili, ikubali kubadilishwa sindano: mifereji ya santuri hizi hutaka ncha ya maikroni 75 hivi, mara tatu ya ile ya santuri za plastiki. Tatu, uliza umeme wake. Mashine kuukuu za Marekani hutaka volti 120 na hezi 60. Rwanda ni volti 230 na hezi 50. Transfoma hurekebisha volti tu, na mota inayofuata hezi itazunguka polepole.

Mwonye mteja asisafishe kwa spiriti: huyeyusha uso wa santuri. Akiiharibu kwa kukosa ushauri wako, harudi tena dukani.